Chungu cha Majivu

Barazani kwa bibi yangu huko Bujonde, Kyela, palikuwa na vyombo viwili ambavyo sisi watoto tulikatazwa kuvigusa. Cha kwanza kilikuwa kibuyu cha maziwa, kimezibwa mdomo kwa gunzi, kinaning'inia kwenye boriti mbali na paka na mbali na sisi. Cha pili kilikuwa chungu cha Ikombe, kazi ya Wakisi wa upande wa Matema, ambacho kilikuwa kimezeeka hadi bibi akakitoboa matundu matatu chini na kukipa kazi nyingine. Ndani yake alitandika nyasi kavu, juu ya nyasi akajaza majivu ya maganda ya ndizi, kisha akamimina maji ya mvua polepole. Chini alikinga bakuli la udongo. Maji yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai isiyokolea, na ukiyashika yaliteleza kama mlenda.

Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yamebaki na kaunta na muuzaji tu, na sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Wengine walifulia majani ya mpapai. Bibi alikuwa na michikichi nyuma ya nyumba na migomba kila upande, maana yake alikuwa na mawese na majivu, na hakuhitaji zaidi. Alichemsha yale maji mpaka yakapungua, akachovya unyoya wa kuku. Nyuzi za unyoya zikiyeyuka ukabaki uti peke yake, basi maji yameiva. Mawese yakaingia, mwiko ukazunguka nusu siku, na jioni tukawa na sabuni laini ya kahawia iliyonuka moshi na kung'arisha nguo vizuri kuliko mche wa dukani.

Siku moja nililihitaji lile bakuli kwa mambo yangu ya kitoto. Nilikuwa nafuga viluwiluwi. Nikakinga sufuria ya alumini mahali pake, nikaenda zangu mtaroni. Niliporudi nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona. Povu jembamba lilikuwa linapanda kutoka kwenye kuta za sufuria, mng'aro wote umekwisha, na ndani pamebaki weusi wa kijivu. Sufuria wakati ule haikuwa mchezo. Nilichapwa, kisha bibi akanikalisha chini akaniambia: "Mjukuu wangu, haya maji yana njaa. Yanakula bati, yanakula mafuta, yatakula na vidole vyako."

Sitaki kusema bibi alikuwa mkemia. Alikuwa mama mwenye nyumba aliyekuwa na nguo za kufua. Lakini lile neno lake, njaa, nimetembea nalo miaka arobaini, na kila nikikutana na asidi na besi, kitabuni au jikoni, hulirudia. Nadhani alilitaja jambo kwa usahihi ambao wataalamu waliufikia baada ya kukosea mara mbili.

Kwanza tuyatazame maneno yetu, maana nayo yana hila. Kiswahili kina neno chungu, nalo ni chombo, ni ladha, na ni mdudu. Chungu cha bibi kilibeba maji machungu, na uchungu ni ladha ya besi. Mdudu chungu, yule mwenye mistari mirefu ukutani, na jamaa zake wengi wanaouma, hubeba asidi. Tangu karne ya 17 wanasayansi wa Ulaya walijua kuwa ukiwakamua wadudu wa ukoo huo unapata kitu kikali kama siki, na asidi hiyo hadi leo inaitwa fomiki, kutokana na jina la mdudu huyo kwa Kilatini. Kwa hiyo katika neno moja tumezifungia besi, asidi na chombo cha kuzihifadhia. Ni bahati tu ya sauti, najua. Ila inanifurahisha.

Upande wa asidi lugha yetu imejaa. Tuna ukali, tuna uchachu, tuna ugwadu wa embe bichi na wa ukwaju. (Ukakasi wa ndizi mbichi ni jambo jingine, msiuchanganye humo.) Maziwa huchacha, mambo huchacha, na kijana asiye na senti mfukoni husema amechacha. Kisha tuna tindikali, neno la magazetini, la mtu kumwagiwa usoni, la maji ya betri. Na tuna asidi, neno la darasani. Maneno matatu, uchachu, tindikali na asidi, yanaelekea kitu kimoja, lakini nani kati yetu anapokunywa maziwa mgando hufikiri kwamba anakunywa tindikali? Lugha imeigawa familia moja katika nyumba tatu, jikoni, mahakamani na darasani, na wanaoishi humo hawasalimiani.

Besi nayo haina jina la nyumbani kabisa. Tunaijua kwa vitu vyake: magadi, chokaa, majivu, sabuni, vile vidonge vyeupe vya kutafuna anavyonunua mtu mwenye kiungulia. Hata majina ya vitu hivyo yanadanganya. Soda tunayokunywa ni asidi, na kali kweli, lakini jina lake limetokana na soda ya magadi, ambayo ni besi, kwa kuwa vinywaji vya mapovu vya zamani vilitengenezwa kwa magadi hayo. Sisi watu wa huku tuna sababu ya pekee ya kuijua soda. Juu yetu, Rungwe, chini ya mlima Kyejo, hewa ya kaboni daioksaidi hutoka ardhini, nayo huchimbwa, ikajazwa kwenye mitungi na kupelekwa viwandani kutia mapovu kwenye vinywaji. Hewa hiyo ikiingia majini inakuwa asidi. Volkano ya nyumbani ndiyo inayotuwasha ulimi.

Niliyakuta majina rasmi shule ya msingi, somo la Sayansi. Mwalimu wetu hakuwa na karatasi za litmasi. Alichuma maua mekundu ya uani, akayaponda, akachuja maji yake kwenye chupa mbili. Akakamulia ndimu kwenye moja, ikawa nyekundu ya kung'aa. Nyingine akaitia maji ya majivu, ikawa kijani. Darasa zima lilishangilia. Mambo haya yako hata kwenye nguo: doa la manjano kwenye kanzu ya arusini, ukilisugua kwa sabuni linageuka jekundu mpaka mwenye kanzu anadhani amejikata. Likamulie ndimu, litarudi njano.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini ua linajua. Nilikuwa nadhani rangi ile ni shahidi, amesimama pembeni, ameona, anatoa taarifa. Sivyo. Rangi ya ua yenyewe ni asidi dhaifu. Inapotiwa ndimu inapokea kitu, inapotiwa majivu inanyang'anywa kitu, na kwa kuwa umbo lake limebadilika, mwanga inaourudisha machoni petu nao unabadilika. Shahidi wetu amekula kwenye sinia moja na washitakiwa. Na ulimi ni vivyo hivyo: unauonja uchachu kwa sababu chembe za haidrojeni zimepenya ndani ya seli za ulimi wenyewe. Hatukuijua asidi kwa kuitazama. Tuliijua kwa kuingiliwa nayo.

Baada ya maua, mwalimu aliandika ubaoni orodha. Asidi: ladha yake kali, hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu, hula metali na kutoa hewa ya haidrojeni, hutoa mapovu ikikutana na magadi au chokaa. Besi: ladha yake chungu, inateleza, hugeuza litmasi nyekundu kuwa buluu. Zikikutana zinazaa chumvi na maji. Tulinakili. Nikanyoosha mkono, nikauliza mbona maji ya majivu yalikula sufuria ya bibi, wakati kula metali ni sifa ya asidi. Wenzangu walicheka. Mwalimu, mtu mwema, alisema tutaliangalia siku nyingine, na siku hiyo haikufika.

Simlaumu. Orodha ya sifa ina ugonjwa huo kila mahali: inaeleza mwenendo wa kitu bila kusema kitu ni nini, kisha anakuja mmoja mwenye mwenendo tofauti na orodha inabaki mdomo wazi. Alumini ni wa namna hiyo, hula pande zote. Uso wake umefunikwa na utando mwembamba unaoulinda, na maji ya majivu yakiutoboa utando huo, metali iliyo chini hushambuliwa na kutoa haidrojeni ileile ambayo asidi ingeitoa. Mnong'ono niliousikia barazani ulikuwa wa haidrojeni.

Waliotangulia kutafuta asidi ni nini hasa walijikwaa kwa heshima kubwa. Antoine Lavoisier, Mfaransa, katika miaka ya 1770 aliona kuwa vitu vingi vikiungua huzaa asidi, akaamua kwamba hewa inayounguza ndiyo mama wa uchachu wote. Akaiita oksijeni, jina la Kigiriki lenye maana ya mzaa uchachu. Miongo michache baadaye Humphry Davy, Mwingereza, akaonyesha kwamba ipo asidi kali, ile ile iliyomo tumboni mwetu, ambayo haina oksijeni hata chembe. Ina haidrojeni na klorini tu. Nadharia ikafa, jina likabaki. Kila mgonjwa anayewekewa oksijeni hospitali anavutishwa kosa la Lavoisier, na linamponya.

Kosa la pili lilikuwa dogo na lilikuwa na faida zaidi. Msweden Svante Arrhenius aliandika tasnifu mwaka 1884, wakubwa wake chuoni Uppsala wakampa alama za kumsitiri tu, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel. Mawazo yake, yalivyokuja kukomaa, yalisema kwamba vitu hivi vikiingia majini vinavunjika vipande vyenye umeme. Asidi ni kile kinachoachia chembe ya haidrojeni majini, na besi ni kile kinachoachia kipande cha haidroksidi. Ni maelezo mazuri, na shule nyingi huishia hapo. Lakini mwulize Arrhenius kuhusu chungu cha bibi. Majivu ya maganda ya ndizi yamejaa kaboneti ya potasiamu, na kaboneti haina haidroksidi ya kuachia. Amonia pia haina. Mbona basi zinateleza, mbona ni chungu, mbona zinageuza ua kuwa kijani?

Jibu lilikuja mwaka 1923, kutoka kwa watu wawili ambao hawakushauriana: Johannes Brønsted huko Copenhagen na Thomas Lowry huko Cambridge. Walisema, kwa maneno yangu, tuache kutazama kila mmoja amebeba nini, tutazame kinachopita kati yao. Kinachopita ni protoni, yaani haidrojeni iliyovuliwa kila kitu ikabaki kiini. Anayeitoa ni asidi. Anayeichukua ni besi. Kaboneti ya majivu haina haidroksidi, ila inaichukua protoni kutoka kwenye maji yenyewe, na maji yaliyonyang'anywa ndiyo yanayobaki haidroksidi. Kwa lugha ya Bujonde, yale maji yana njaa.

Hapa ndipo kemia inapoacha kuwa kemia peke yake. Kama Brønsted na Lowry wako sahihi, asidi si jina la kitu, ni jina la nafasi. Linafanana na shemeji. Hakuna mtu aliye shemeji peke yake, amekaa chumbani kwake, hana ndugu aliyeoa wala kuolewa. Mtu huyohuyo ni mjomba kwa huyu, mpwa kwa yule, na kwa mwingine si kitu. Maji ukiyakutanisha na siki, yanachukua protoni, ni besi. Ukiyakutanisha na amonia, yanatoa protoni, ni asidi. Siki yenyewe, ambayo jikoni haina mpinzani kwa ukali, ukiizamisha katika tindikali kali ya salfa inalazimishwa kupokea: imekuwa besi. Na asidi yoyote ikishatoa, kinachobaki ni besi, kimeachwa na nafasi ya kupokea tena. Aliyetoa kwa wepesi sana anabaki na njaa ndogo. Aliyetoa kwa kujivuta anabaki na njaa kubwa.

Watu wakisikia hivyo huwa na haraka ya kusema: kumbe kila kitu kinategemea. Huo ndio mteremko ninaotaka kuukataa, maana naona tunauteremka kila siku, redioni na vijiweni. Kusema maana ya kitu iko katika uhusiano si kusema maana ni maoni. Shemeji wako si shemeji kwa kuwa umeamua; hata ukimchukia, hata mkiwa mmenuniana miaka kumi, ni shemeji. Maji ya majivu yanapokula sufuria hayasubiri mtazamo wako. Uhusiano una ugumu wake, na ugumu huo unapimika. Mwaka 1909 Søren Sørensen, Mdenmark, alitunga mizani ya pH akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. (Bia, naam. Wapishi wa pombe ya kimpumu wa Kyela wangemwelewa mara moja.) Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi, na kila ngazi moja ni mara kumi. Maziwa yanapokamuliwa yako karibu na 6.7, kwenye kibuyu yanateremka, na yakikaribia 4.6 yanaganda, si 4 wala 6. Damu ya msomaji wa makala hii iko kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka humo kwa kiasi kidogo tu mtu yuko mahututi. Uhusiano mtupu, na bado unaua.

Rudi kwenye ule utelezi. Mkono ukiingia kwenye maji ya majivu unahisi kana kwamba maji yenyewe ndiyo yanayoteleza. Hapana. Yameanza kuyageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Unateleza juu yako mwenyewe. Sijui mfano ulio karibu zaidi na mwili wa jambo hili: ile sifa tuliyoiandika daftarini kuwa ni ya besi, "inateleza", haikuwa ya besi wala ya mkono. Ilizaliwa pale vilipogusana.

Nimewahi kusikia mahubiri ambamo asidi na besi ni mume na mke na chumvi ni mtoto wao, ishara ya amani. Wanandoa walipiga makofi. Mimi siupendi mfano huo. Asidi haitoi kwa ukarimu na besi haipokei kwa shukrani, na zinapokutana zikiwa kali hutoa joto la kubabua. Chumvi ni kilichobaki njaa iliposhiba. Uzuri wa jambo hili uko palepale katika ukavu wake. Hapa kuna kutoa na kupokea bila mtoaji wa kusifiwa, na sisi tuliolelewa kusema ndaga fijo, asante sana, kwa kila tunachopewa tunapata shida kulitazama bila kulipamba.

Kuna mahali Kyela ambapo unaweza kulitazama, na kulinusa. Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka wilaya hii, na karibu na nyumba nyingi utakuta sanduku la mbao lililofunikwa majani ya migomba. Tunda likipasuliwa, punje zimevikwa utomvu mweupe, mtamu wenye ugwadu. Watoto huufyonza na kutema punje. Punje ndani ya utomvu huo ni hai, na ukiichana ni ya zambarau, rangi ya ukoo mmoja na lile ua la mwalimu. Ukiikausha hivyohivyo utapata kitu kichungu chenye ukakasi, ambacho hakuna mtu duniani angekiita chokoleti.

Kwa hiyo inavundikwa. Siku ya kwanza na ya pili hamira za asili zinakula sukari na kuacha pombe. Fungua majani kidogo utasikia harufu ya kilabuni. Kisha punje zinageuzwa ili hewa iingie, na pamoja na hewa wanaingia bakteria wa siki, wanaoigeuza pombe kuwa asidi. Hapo sanduku linapata homa. Weka mkono kati ya punje, utautoa haraka, kwa kuwa joto linakaribia nyuzi 50. Harufu ya siki inakupiga machoni. Asidi hiyo inalowa, inapenya ganda la punje, na ikisaidiana na joto inakiua kiini kilichokuwa kinajiandaa kuota. Kuta za seli zinabomoka. Vitu ambavyo katika punje hai vilitengwa, kila kimoja chumbani kwake, vinamwagikiana: vimeng'enya vinazikatakata protini, zambarau inaungana na hewa na kuwa kahawia. Baada ya siku tano hadi saba mkulima anaipasua punje kwa kisu na kuitazama. Ikiwa bado ya zambarau, mapema. Ikiwa ya kahawia yenye mifereji, tayari kwa kuanikwa.

Kuanika nako ni kesi ya peke yake. Siki ile iliyoingia lazima itoke, na inatoka polepole, kwa jua la wastani. Ukiikausha kwa pupa ganda linafunga na asidi inabaki ndani, mnunuzi akiionja anakunja uso. Mvua za Kyela huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu anayeanika kokoa chini ya mawingu hayo anajua pH kwa pua kuliko mtu mwenye kipimo. Ndiyo maana nawaonea uchungu wanaouza kokoa mbichi kwa sababu ada ya shule haisubiri siku saba. Wanauza punje kabla haijawa kokoa.

Basi asidi katika sanduku lile ni nini? Kwa punje ni kifo. Kwa mnunuzi ni mwanzo wa ladha anayoilipia. Kwa bakteria ni mabaki ya chakula, kinyesi hasa. Majibu matatu, na hakuna hata moja lililo maoni.

Jambo la mwisho liko matopeni. Maji ya kwetu yanapanda ngazi za Sørensen yakiwa njiani. Mvua safi inapotua tayari ina pH ya takriban 5.6, kwa kuwa imeshaokota kaboni daioksaidi hewani. Inatua kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu, na chai haitaki udongo mwingine ila wenye asidi, kati ya 4.5 na 5.5. Inashuka na Kiwira, na Mbaka, na Lufilyo, inatapakaa kwenye majaruba ya mpunga ya Kyela, kisha inaishia Ziwa Nyasa, ambalo maji yake ya juu ni besi, nane na kitu. Katikati, majarubani, linatokea jambo ambalo wakulima wa mpunga wa Asia na wa Bujonde wamelitegemea bila kulipa jina. Udongo wenye asidi ukifurika maji kwa wiki kadhaa, asidi yake inapungua. Udongo wenye besi ukifurika, besi yake inapungua. Aina zote mbili zinasogea kuelekea 6.5 au 7 na kutulia hapo. Felix Ponnamperuma, mkemia wa Sri Lanka aliyefanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya mpunga kule Los Baños, Ufilipino, aliyaeleza hayo kwa kirefu mwaka 1972. Maji yakiufunika udongo, hewa inakwisha, na viumbe wadogo wa matopeni wanalazimika kukipumulia chuma badala ya oksijeni. Kazi hiyo inakula protoni, hivyo asidi inashuka. Upande wa besi, kaboni daioksaidi wanayoitoa inanaswa topeni na kuleta asidi kidogo. Hakuna aliyewaambia wakutane katikati. Kila mmoja alikuwa anatafuta pumzi.

Mwaka jana nilikwenda Bujonde wakati wa kupandikiza. Nyumba ya bibi imeezekwa bati jipya, boriti ya kibuyu haipo, na chungu cha Ikombe hakuna anayekikumbuka ila mimi. Barazani palepale kilipokuwa chungu, binamu yangu ameegesha mfuko wa mbolea ya dukani, umefunguliwa pembe moja, umeandikwa herufi tatu kubwa: N, P, K. Nilimwuliza kama anajua K ni nini, akasema ni potasiamu, alisomea. Potasiamu haina K ndani yake, nikamwambia. Herufi hiyo ni ya jina lake la Kilatini, kalium, lililotoholewa kwa Waarabu, ambao waliita al-qaly kile walichokichuja ili kupata sabuni. Al-qaly ni majivu.